Wasomaji Wanauliza: Mbuzi Anataka Pakavu

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: mbuzi wanakohoa, wanaharisha, wanakonda, na mwenye mbuzi ameshanunua dawa zaidi ya mara moja. Tumezijibu kwa kuanzia bandani, kwa sababu karibu kila barua, ukiisoma mara ya pili, utaona ndani yake sakafu yenye unyevu au majani yaliyokanyagwa.

Nina mbuzi jike watano na natarajia kuongeza beberu. Wanalala kwenye banda la sakafu ya udongo. Ninatandika nyasi kavu, lakini mvua zikianza tu wanakohoa na kutoa kamasi. Nataka kujenga banda la kuinuliwa. Liwe na ukubwa gani, na mbao zipangweje?

Ndugu mfugaji, kikohozi hicho kinaanzia hapo hapo chini. Mkojo ukichanganyika na samadi kwenye udongo uliolowa hutoa amonia, ile hewa kali inayochoma macho. Mbuzi akilala, pua yake iko sentimita chache tu kutoka kwenye samadi, kwa hiyo anaivuta usiku kucha. Amonia huunguza utando wa njia ya hewa, na vijidudu vya nimonia hupata pa kuingilia. Ingia bandani alfajiri kabla hewa haijabadilika, uchuchumae mpaka kichwa chako kiwe sawa na kichwa cha mbuzi aliyelala. Macho yakikuwasha, banda hilo linawaumiza hata kama ukisimama hunusi kitu.

Ukubwa kwanza. Jike mkubwa mmoja anahitaji mita 1.5 za mraba za kulala, kitoto kama mita 0.4 za mraba, beberu mita 2.5 hadi 3 za mraba. Majike wako watano watachukua 7.5. Ukikadiria vitoto vinane kwa wakati mmoja, ongeza 3.2. Jumla haifiki 11, basi chumba cha mita 3 kwa 4 kinawatosha na kinabakiza kona ya kuzalia. Usijenge kubwa mno kwa kutarajia kundi ambalo hujalipata, bali acha upande mmoja wa banda ambao utaweza kurefushwa baadaye bila kubomoa paa. Beberu mpe chumba chake cha mita 1.5 kwa 2, chenye kizuizi kirefu na imara. Akilala na majike hutajua nani alipandwa lini, na kama unakamua, harufu yake itaingia kwenye maziwa. Chumba chake kiwe upande ambao upepo unatoka kwa majike kwenda kwake.

Sasa sakafu, ambayo ndiyo banda lenyewe. Iinue mita 1 kutoka ardhini. Wako wanaoinua sentimita 50 ili kuokoa nguzo, na ndani ya miezi michache samadi inagusa mbao kwa chini kwa sababu hakuna anayeweza kuingiza reki mle. Mita moja inakuruhusu kuinama na kukokota samadi yote nje. Ardhi ya chini ya banda ishindiliwe au imwagiwe zege, iwe na mwinamo wa sentimita 5 kwa kila mita kuelekea upande wa kuzolea, na mfereji mdogo upitishe mkojo kwenda shimo la mboji. Maji ya mvua kutoka juu ya kilima, kama yapo, yakatiwe njia kabla hayajafika hapo.

Mbao za kukanyagia ziwe na upana wa sentimita 5 hadi 7 na unene wa 2.5, zikae juu ya maboriti yaliyopishana kwa sentimita 40 hadi 50. Boriti zikipishana zaidi ya hapo mbao hunesanesa, na mbuzi hapendi kulala juu ya kitu kinachonesa. Mwanya kati ya ubao na ubao uwe sentimita 1.5. Kipimo hiki hakina mchezo. Chini ya sentimita 1, gole la mavi linakwama, linakanyagwa, linaziba, na baada ya muda unakuwa na sakafu ya samadi juu ya mbao. Zaidi ya sentimita 2, ukwato wa kitoto unazama na mguu unavunjika akishtuka na kuruka. Usikisie kwa macho: chonga kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1.5, kiweke katikati kila unapopigilia ubao mpya, kisha kitoe.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kupigilia mbao mbichi. Siku ya kwanza mianya ni sawa. Miezi mitatu baadaye mbao zimenyauka na mwanya wa 1.5 umekuwa 2 na zaidi. Anika mbao zako kivulini, zikiwa zimepangwa na vijiti vya kuzitenganisha, mpaka zikauke. Kosa la pili ni kutumia fito za mviringo. Mgongo wa fito unateleza, na mwanya hauwi sawa kwa sababu fito hainyooki. Kama huna njia nyingine, zipasue katikati na uso bapa uelekee juu. Na ukiweza, usiipigilie sakafu yote moja kwa moja kwenye boriti. Tengeneza vipande vya mita 1 kwa 1.5 vinavyokaa kwa uzito wake, ili uweze kuviinua, kuvisugua na kuvianika juani. Misumari yote ikunjwe au ikatwe kwa chini. Ncha ya msumari mmoja inatosha kupasua kiwele.

Kuta ziwe zimezibwa kutoka sakafuni hadi mita 1, yaani juu kidogo ya mgongo wa mbuzi aliyesimama, na kuanzia hapo kwenda juu ziwe za mbao zenye nafasi ya sentimita 5 ili hewa ipite juu yao na si juu ya miili yao. Upande upepo wa mvua unakotokea, ziba karibu yote na uache sentimita 30 tu chini ya paa. Paa liwe na urefu usiopungua mita 1.8 kutoka sakafuni upande wa chini, na kingo zitoke nje ya ukuta kwa sentimita 50 au 60. Sehemu kubwa ya maji yanayolowesha banda huingia kwa pembeni, mvua ya upepo ikipiga ukuta, wala si kwa paa linalovuja. Ngazi ya kupandia iwe mteremko wa ubao: kwa sakafu ya mita 1, ubao wa mita 2 au zaidi, wenye vipago kila baada ya sentimita 20.

Nguzo zilinde na mchwa kwa kuzisimamisha juu ya vishina vya zege vilivyotokeza ardhini. Mafuta machafu ya injini tusingeyapaka popote mbuzi anapofikisha ulimi, maana hulamba na kutafuna kila kitu, na mafuta hayo yana madini yenye sumu. Hivyo hivyo rangi za zamani zenye madini ya risasi.

Kila siku nakata mzigo mkubwa wa majani, lakini nusu naifagia asubuhi. Mbuzi wangu wana njaa na hapo hapo wanabagua. Wamedeka?

La, hawajadeka. Mbuzi kwa maumbile anakula kwa kuinua kichwa, anachuma jani hapa na jani pale, na chakula kilichokanyagwa au kupata harufu ya mkojo hakigusi. Hiyo ni kinga yake, kwa sababu mayai ya minyoo yako kwenye mavi. Anayemlazimisha mbuzi kula chini anamlazimisha kumeza minyoo.

Hori la kulishia lijengwe nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu. Kila mbuzi mkubwa apate sentimita 40 za ukingo. Majike watano ni mita 2, na wanyonge hawatasukumwa. Chini ya hori kuwe juu kwa sentimita 30 kutoka walipokanyaga, na ubao wa mbele, ule wa mbali na mbuzi, upande hadi sentimita 50 ili majani yasimwagike wanapotafuta ya chini. Tundu la kutolea kichwa lichongwe kama tundu la ufunguo: juu pana, sentimita 20, chini jembamba, sentimita 10. Mbuzi anaingiza kichwa juu, anashusha shingo, na akitaka kuvuta jani ndani analazimika kwanza kuinua kichwa. Kizuizi hicho kidogo ndicho kinachookoa lile fungu unalolifagia. Kama mbuzi wako wana pembe zilizopanuka, tundu la namna hii litawanasa. Wafungie badala yake gogo la mlalo linaloshuka na kupanda kwa kigingi, wapitishe kichwa chini yake.

Matawi ya miti usiyakatekate. Yafunge kwa kamba uyaning'inize usawa wa macho yao. Mashina magumu kama ya mahindi au nyasi ndefu zilizokomaa, hayo yakate vipande vya sentimita 3 hadi 5, maana vikiwa virefu zaidi wanachuma majani tu na kuacha bua.

Kuhusu kiasi: mbuzi hula chakula kikavu cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 30 ni kama kilo 1 ya kikavu, na kwa kuwa majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hiyo inakuwa kilo 4 hadi 5 za majani mabichi. Nyasi changa za wakati wa mvua zina maji mengi zaidi. Acha zinyauke nusu siku kabla ya kuwapa. Majani ya jamii ya kunde, mathalani kaliandra, glirisidia na lukina, ni chakula kizuri chenye protini, lakini lukina isizidi theluthi ya mlo kwa sababu ina kemikali inayoitwa mimosini ambayo hunyonyoa manyoya na kuvuruga tezi ya shingo. Jike anayekamuliwa mpe juu ya hapo gramu 300 hadi 400 za pumba zilizochanganywa na mashudu kwa kila lita ya maziwa anayotoa. Jiwe la chumvi la kulamba lisikosekane, na liwe la mbuzi. La kondoo halina shaba ya kutosha, kwa kuwa kondoo hudhurika na shaba ambayo mbuzi anaihitaji.

Maji nayo yawe nje ya ukuta, kwenye ndoo iliyofungwa pete, watoe kichwa kunywa. Mbuzi mkubwa anakunywa lita 4 hadi 8 kwa siku kulingana na joto na maziwa. Gole moja la mavi likidondokea ndani, wengi wataacha kunywa, na asiyekunywa hatoi maziwa.

Nawapa dawa ya minyoo kila mwezi bila kukosa na bado wanakonda, wengine wanakufa ghafla. Mavi yao ni makavu kabisa. Je, ni minyoo kweli?

Inawezekana sana, na mavi makavu yasikupoteze. Mnyoo anayeua mbuzi wengi katika sehemu zenye joto na mvua anaishi kwenye tumbo la nne na kazi yake ni kunyonya damu, wala si kumfanya mbuzi aharishe. Mbuzi anapungukiwa damu kimya kimya, anaendelea kula, mpaka siku anapokimbizwa kidogo na kuanguka. Tazama utando wa ndani wa kope la chini: sukuma jicho taratibu kwa kidole gumba kupitia kope la juu, huku ukivuta kope la chini, uangalie rangi mwangani. Ukiwa mwekundu kama damu mbichi, damu ipo. Ukiwa wa waridi uliofifia, mashaka yameanza. Ukiwa mweupe kama karatasi, mbuzi huyo yuko karibu na kifo. Ipo kadi ya rangi tano iliyobuniwa Afrika Kusini, inayoitwa FAMACHA, kwa ajili ya kulinganisha. Namba 1 ni nyekundu, 5 ni nyeupe. Wa namba 4 na 5 wanapewa dawa, na namba 3 pia kama ni kitoto, mwenye mimba au aliyedhoofu. Dalili nyingine ni uvimbe laini wa maji chini ya taya, unaoonekana zaidi jioni baada ya kutwa ya kuinamisha kichwa malishoni.

Kupungukiwa damu kuna sababu nyingine pia: kupe wengi, chawa, minyoo ya ini. Ndiyo maana sampuli ya mavi ikipimwa maabara, majibu yake yana thamani kuliko chupa tatu za dawa.

Sasa, kwa nini dawa ya kila mwezi haisaidii? Kwa sababu ni ya kila mwezi. Kila unapowapa wote, minyoo dhaifu inakufa na ile sugu inabaki kuzaana yenyewe kwa yenyewe, mpaka shambani kwako hakuna mwingine. Minyoo mingi huwa ndani ya mbuzi wachache. Watibu hao, waache wenye kope nyekundu, na mayai yanayotoka kwa hao wasiotibiwa yatachanganya uzao wa minyoo isiyo sugu na ile sugu. Ni vigumu kumwacha mnyama bila dawa huku mwenzake anapewa, tunalijua hilo, lakini ndiyo inayoifanya dawa iendelee kufanya kazi.

Sababu ya pili ni kipimo. Wengi hukadiria uzito kwa macho, na jicho hupunguza. Chukua utepe wa fundi cherehani: zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, halafu pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Zidisha mzingo wa kifua kwa wenyewe, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,800. Mbuzi mwenye mzingo wa sentimita 70 na urefu wa 62: 70 mara 70 mara 62 ni 303,800; ukigawa unapata kilo 28. Halafu jambo ambalo halijulikani vya kutosha: mwili wa mbuzi huitoa dawa haraka kuliko wa kondoo, hivyo dawa nyingi za minyoo zikitolewa kwa kipimo cha kondoo ni pungufu. Usiongeze kwa kukisia, kwani nyingine, levamisoli kwa mfano, zina sumu zikizidi kidogo tu. Muulize daktari wa mifugo kipimo cha mbuzi kwa dawa ile hasa, na kama inafaa kwa mwenye mimba. Albendazoli haipewi mwenye mimba changa. Soma pia siku za kuacha kutumia maziwa.

Wakati wa kunywesha, kichwa cha mbuzi kiwe mlalo, pua isipande juu ya macho. Ingiza bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya ulimi, ubonyeze polepole. Dawa ikiingia kwenye mapafu, amekufa kwa mkono wako na minyoo haina hatia.

Lakini dawa ni nusu ya kazi. Mayai yanayotoka na mavi huanguliwa, na katika joto na unyevu lava, yaani minyoo wachanga, huwa tayari kuambukiza ndani ya siku 5 hadi 7. Lava hao hupanda juu ya jani wakifuata unyevu wa umande, lakini wengi hawavuki sentimita 10. Kutokana na hilo peke yake unapata kanuni zako: usiwatoe kabla umande haujakauka, usiwaache wale nyasi iliyokwisha kuliwa hadi chini ya sentimita 10, gawa malisho, wakae sehemu moja siku zisizozidi 4, kisha ipumzike angalau mwezi na nusu. Wapitishe wakubwa kwenye eneo lililokwisha kuchungwa na mpe kitoto eneo jipya. Na ukiwafuga ndani muda wote kwenye sakafu ile ya mianya, ukiwakatia majani marefu yasiyotoka pale walipochungwa, mzunguko huo unakatika kwa kiasi kikubwa mno. Samadi mbichi isirudi kwenye majani ya kuwalisha. Irundike iive kwanza kwa joto lake.

Mbuzi wangu wa maziwa wamezaa vitoto saba. Viwili vilikufa siku ya pili. Cha tatu kimekufa kikiwa na wiki nne kwa kuharisha, ingawa nilikipa dawa ya minyoo.

Pole sana, dada. Hivyo ni vifo vya aina mbili tofauti.

Vya siku ya pili, mara nyingi ni kukosa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, na baridi. Kitoto cha mbuzi huzaliwa bila kinga yoyote ya mama mwilini, kwa sababu kinga haipiti kwenye kondo. Inapita kwenye yale maziwa mazito ya kwanza. Na utumbo unaoruhusu kinga hiyo kuingia kwenye damu huanza kujifunga saa chache baada ya kuzaliwa, na kufikia saa 24 umefunga. Kitoto cha kilo 2.5 kipate mililita 125 ndani ya saa 2 za mwanzo, na ndani ya saa 24 kiwe kimekunywa jumla isiyopungua 250. Mara nyingi kitoto kinaonekana kinanyonya kumbe chuchu imezibwa na kizibo cha nta. Kamua michirizi miwili mitatu kila upande kabla hujakisogeza. Kitovu kichovye kwenye madini joto (ayodini) ya asilimia 7, kizame chote hadi ngozini.

Kabla ya kukilazimisha kunywa, tia kidole chako safi mdomoni mwake. Mdomo ukiwa wa baridi, usimpe maziwa. Tumbo lililopoa halisagi, na kitoto kisichoweza kumeza kitapaliwa. Kipashe moto kwanza: kikaushe, kifunge kwenye blanketi pamoja na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kitambaa. Joto la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, likivuka 37 na kikainua kichwa chenyewe, mpe dang'a. Mwenye mbuzi wengi akamue dang'a ya ziada na kuigandisha kwenye barafu kwa ajili ya yatima. Ikihitajika iyeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe isichemshwe, maana joto kali huua ile kinga yenyewe.

Cha wiki nne kina dalili zote za koksidiosisi. Hicho si mnyoo, ni kijidudu cha seli moja kinachokula ukuta wa utumbo, na ndiyo maana dawa ya minyoo haikukigusa. Huwashika hasa kuanzia wiki ya 3 hadi mwezi wa 5: wanaharisha, pengine na damu au utelezi, mkia na mapaja yanachafuka, manyoya yanasimama. Mama anacho bila kuumwa, anakitoa na mavi, na kitoto katika umri wa kuonjaonja kila kitu anakilamba kwenye matandiko mabichi. Dawa zake ni za jamii ya salfa au amproliamu, kwa kipimo cha daktari na kwa siku zote alizoandika. Wakati huo huo rudisha maji mwilini: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akipewa kidogo kidogo mara nyingi katikati ya milo ya maziwa. Maziwa usimkatishe.

Kwenye banda, tenga kona ya vitoto yenye ubao uliozibwa na nyasi kavu zinazobadilishwa kila siku, na tundu dogo ambalo wao wanapita na mama hapiti. Kwa vitoto hapo ndipo mianya ya sakafu inapohitaji kufunikwa, kwa siku zao za kwanza. Vitoto vya umri tofauti visikae pamoja. Vikubwa vinawamwagia vidogo uchafu wa wiki nyingi.

Jike wangu mmoja anapiga magoti akila. Kwato zimekunjika kama viatu vya zamani.

Punguza kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8. Mbuzi wa bandani hana mawe ya kuzisaga, hivyo hukua, hukunja kingo na kufungia ndani tope na samadi, humo ndimo uozo unaanza. Safisha uchafu kwa ncha butu, kata kingo zilizokunjika hadi usawa wa nyayo, halafu punguza kwa vipande vyembamba mpaka chini ya ukwato kuwe sambamba na mstari wa manyoya ulio juu yake. Ukiona rangi ya waridi, acha. Zilizopinda sana hazinyooshwi siku moja. Kata kidogo, rudia baada ya wiki mbili. Kukiwa na harufu mbaya ya kuoza, msimamishe kwenye maji yenye zinki salfeti, kilo 1 kwa lita 10, kwa dakika 15, kisha akae pakavu saa nzima. Maji hayo yasinywewe. Ukiweka rundo la mawe yenye kukwaruza uani watapanda wenyewe na kazi yako itapungua.

Mbuzi amefungua stoo akala mahindi yasiyojulikana kiasi. Tumbo la kushoto limejaa. Nifanyeje kabla daktari hajafika?

Ita daktari sasa hivi, usingoje kuona. Nafaka nyingi kwa mara moja hugeuka asidi tumboni, na dalili mbaya, kama kusaga meno, kuyumba na kuhara maji yenye harufu ya uchachu, huweza kuja baada ya saa 12 hadi 36, wakati ameshachelewa. Mwondolee nafaka yote, mpe nyasi kavu tu. Koroga gramu 20 hadi 30 za magadi ya kuokea kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, umnyweshe taratibu, kichwa kikiwa mlalo. Mtembeze. Asilale chali wala ubavu. Akishindwa kusimama, mkalishe kifudifudi kwa kumwegemeza kwenye mafungu ya nyasi.

Kama kilichomjaza si nafaka bali majani machanga ya jamii ya kunde yenye umande, tatizo ni povu. Hapo mililita 100 za mafuta ya kupikia ndizo zinazovunja povu, na miguu ya mbele iwe imeinuka kuliko ya nyuma.

Mabadiliko ya haraka ya chakula huamsha pia bakteria wa utumbo anayeua kwa sumu ndani ya saa chache. Chanjo yake ipo: sindano mbili zikipishana kwa wiki 3 hadi 4, kisha kurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ukimchanja jike wiki 4 kabla ya kuzaa, kinga inapita kwenye dang'a. Na stoo iwekee komeo mbili tofauti. Ulimi na midomo ya mbuzi hufungua komeo moja bila shida.

Beberu atakuja mwezi ujao. Nimlete kwa jike siku gani, na majike wachanga waanze lini?

Jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hudumu saa 24 hadi 36. Anapiga kelele, anatingisha mkia, sehemu ya uzazi inavimba na kutoa ute. Mpeleke kwa beberu saa 12 baada ya kuona dalili, na arudishwe tena saa 12 baadaye kama bado anamkubali. Jike mchanga aanze akifika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa mama yake, si kwa umri tu. Akipandwa mapema, anasimama kukua na kitoto kinakwama njiani. Madume wadogo watenge wakiwa na miezi 3, kwani wengine wana uwezo wa kuzalisha katika umri huo, na dada zao wako humo humo.

Andika tarehe ya kupandwa kwenye ubao ukutani. Siku ya 21 mwangalie kama anarudi joto. Siku ya 90 acha kumkamua, ili kiwele kipumzike miezi 2. Siku ya 143 mhamishie kwenye kona ya kuzalia iliyosuguliwa na kukauka, maana atazaa kati ya siku ya 145 na 155. Akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila kitu kuonekana, tuma mtu kwa daktari. Na kondo likiwa halijatoka saa 12 baada ya kuzaa, usilivute kwa mkono.